Kupiga Picha Katika Mji Mkubwa: Mazungumzo kwa Wasafiri wa Namanga, Kajiado na Kitengela



Kama kuna watu katika Kenya ambao hawana haja ya kuelezwa maana ya kupigwa picha, hao ni akina mama wauzao shanga Namanga. Kwa miaka mingi, tangu zamani za magari machache ya watalii hata siku hizi za mabasi yaendayo Arusha na Nairobi mchana kutwa, gari likisimama mpakani hapo akina mama hao huliendea na mikufu, bangili na mikanda ya shanga mikononi; na mara nyingi kabla hawajataja bei, kamera imekwisha kutokeza dirishani na picha imekwisha kupigwa. Gari laondoka, na picha yaondoka nalo. Hapana ajuaye picha hizo ni ngapi. Nyingine zimetundikwa katika kuta za nyumba za Ulaya na Marekani, nyingine zimechapwa katika kadi, na siku hizi hupelekwa ulimwenguni kote kwa simu. Lakini katika nyumba za wenyewe, wale wenye nyuso hizo, huenda isipatikane hata moja.

Mtu akizitazama picha za namna hiyo ataona jambo la kushangaza, nalo ni kwamba nyingi si nzuri. Mkono wa mama umekatwa. Kipande cha dirisha kimeingia pembeni. Nguzo ya umeme imesimama juu ya kichwa chake kana kwamba imeota utosini, na uso wake, uliogeuzwa upesi kwa kuudhika, ni kivuli kitupu katika jua kali la saa sita. Mpigaji alikosa adabu, na tena alikosa picha. Makosa hayo mawili yana asili moja: hakusimama, hakukaribia, wala hakuuliza.

Mazungumzo haya ni juu ya siku ambayo mtu wa Namanga mwenyewe ndiye msafiri, na kamera iko mkononi mwake. Chukueni mfano wa kijana mmoja, mtoto wa mama mwuza shanga, ambaye amepata simu yenye kamera nzuri, naye aenda Nairobi kwa siku tatu. Mama yake hajapata kuufikia mji huo. Amemwomba mwanawe jambo moja tu, yaani amletee mji nyumbani auone.

Kutoka Namanga hata Nairobi ni safari ya kilomita 160 na zaidi kidogo. Njia yapita Bisil, Kajiado, Isinya na Kitengela, kisha yaungana na barabara ya Mombasa pale Athi River. Katika safari hii kijana atashawishika kupiga picha dirishani, nazo zitamvunja moyo. Sababu yake si ngumu. Vitu vilivyo karibu na barabara hupita upesi mbele ya kamera, kwa hiyo hutoka kama vimepakwa kwa kidole; vilivyo mbali hupita polepole, kwa hiyo hutoka safi. Anayelazimika kupiga picha garini na auelekeze mkono wake kwenye vilima na tambarare za mbali, aweke lenzi karibu kabisa na kioo ili uso wake mwenyewe usionekane ndani ya picha, na majani ya kando ya njia ayaache.

Lakini Kitengela yafaa kushuka. Wazee wa huko wanakumbuka nyumbu na pundamilia wakitoka Mbuga ya Taifa ya Nairobi majira ya mvua na kutawanyika katika nyanda za Kitengela na Athi, kwa maana upande wa kusini mbuga ile haikufungwa kwa ua. Siku hizi nyanda hizo zimekatwa viwanja, nyaya zimevutwa, na majumba ya ghorofa yamesimama palipokuwa malisho. Kijana akisimama mahali ambapo ua wa nyaya uko mbele, nyasi ziko katikati, na majumba yako nyuma, atakuwa amepata picha ya kwanza ya safari yake yenye habari ndani yake. Baada ya miaka 20 picha hiyo itakuwa na thamani kuliko picha 100 za machweo ya jua, ambayo hufanana popote duniani.

Sasa kijana amefika katikati ya mji. Macho yake yamejaa. Aona majumba marefu, matatu zilizochorwa rangi zote, wachuuzi, pikipiki, matangazo, watu kama siafu. Atoa simu na kupiga vyote kwa mara moja. Jioni akiitazama picha ile, haoni mji alioushangaa. Aona jumba dogo kwa mbali, barabara kubwa tupu mbele, mgongo wa mtu asiyemjua, na debe la taka. Hudhani simu yake ni mbovu.

Simu haina kosa. Jicho la mtu lina akili nyuma yake. Likipenda jumba, halioni debe la taka. Kamera haina akili hiyo. Huandika kila kitu kilichowekwa mbele yake, kikubwa na kidogo, cha maana na cha upuuzi, bila kupendelea. Kwa hiyo kazi ya kupendelea ni ya mpiga picha. Kabla hajabonyeza, na ajiulize: picha hii ni ya nini? Ajibu kwa neno moja. Ikiwa jibu lake ni maneno matano, hizo ni picha tano, na azipige mbali mbali. Mshika mbili moja humponyoka, na katika kamera zote mbili huponyoka.

Mfano mzuri wa kujifunzia ni jumba la mikutano la KICC, lililomalizika mwaka 1973, ambalo lina ghorofa 28. Mnara wake ni wa duara, na kando yake kuna ukumbi wenye paa lililochongoka, ambao wengine huufananisha na ua lililofumba na wengine na nyumba ya msonge. Katika uwanja wake ameketi Mzee Jomo Kenyatta, sanamu ya shaba iliyofanywa na James Butler. Kila mgeni hupiga picha hapo, na karibu kila mgeni husimama mahali pamoja, hata picha zao zaweza kubadilishana wenyewe bila mtu kugundua.

Kijana na afanye hivi. Kwanza aiweke simu mfukoni, auzunguke uwanja polepole, atazame tu. Ataona kwamba akisogea karibu na sanamu, Mzee huwa mkubwa na mnara huwa mdogo nyuma yake; akirudi nyuma hatua 30, mnara hupanda na Mzee hupungua. Vitu havikubadilika ukubwa. Miguu yake ndiyo iliyoamua kipi kiwe bwana wa picha na kipi kiwe mtumishi. Hili ni jambo kubwa katika ufundi wote huu, na halina bei. Watu wengi hukaa mahali pamoja na kuvuta picha kwa vidole juu ya kioo cha simu, wakidhani wamekaribia. Hawakukaribia. Wameikata picha ile ile tu, na ubora wake umepungua.

Tena atapata taabu nyingine. Akisimama chini ya mnara na kuinua simu juu, jumba huonekana limelala kinyumenyume, kama linaloanguka. Dawa ni tatu: kurudi nyuma sana mpaka simu isimame wima bila kuinuliwa, au kupanda ghorofa mbili tatu za jumba lililo mkabala, akiruhusiwa, au kuukubali ulalo wenyewe na kuuzidisha, yaani kukaribia ukuta kabisa na kutazama juu moja kwa moja, ili mistari yote ya jumba ikimbilie mbinguni. Kibaya ni kuwa katikati, picha iliyoinama kidogo, kwani hiyo huonekana kama bahati mbaya.

Juu ya kupanga vitu ndani ya picha kuna kanuni moja ya zamani. Mwaka 1797 Mwingereza aitwaye John Thomas Smith aliandika kitabu juu ya uchoraji wa mandhari ya mashamba, na ndani yake akasema kwamba picha hupendeza ikigawanywa kwa theluthi kuliko ikikatwa nusu kwa nusu. Wapiga picha waliokuja baadaye waliichukua kanuni hiyo ikawa yao. Katika mipangilio ya kamera ya simu nyingi kuna mistari minne, miwili ya kusimama na miwili ya kulala, ambayo huugawanya uso wa kioo katika vyumba tisa. Mtu wa Kajiado hatahitaji maelezo mengi: ni kama miraba ya shuka. Mstari wa mbali ambapo mbingu hukutana na nchi usipite katikati. Ukae juu ya mstari wa chini kama mbingu ndiyo nzuri, au juu ya mstari wa juu kama nchi ndiyo yenye habari. Mtu naye akae pale mistari inapokatana, na upande anaoutazama uachiwe nafasi, asije akaonekana kama aliyeelekezwa ukutani kwa adhabu.

Kanuni hiyo ni fimbo ya kutembelea. Si sheria ya serikali. Kijana akienda Msikiti wa Jamia, uliofunguliwa mwaka 1933, ataona minara miwili iliyolingana na kuba tatu za rangi ya fedha. Waliojenga walikusudia ulinganifu, basi picha yake nayo hutaka katikati sawasawa, kila mnara na nafasi yake, simu bila kuinama upande. Hapo theluthi zingeharibu. Na ndani ya msikiti asiingie na kamera pasipo kuomba ruhusa, wala si saa ya sala.

Sasa mwanga, ambao ndio chakula cha picha. Mchungaji anajua mambo ya mwanga kuliko wengi wenye kamera za bei kubwa. Anajua kwamba jioni, jua likiwa chini, kila ng'ombe huonekana peke yake na vumbi lake lang'aa. Na kwamba saa sita mchana kundi zima ni bapa, halina nyuma wala mbele. Mjini ni vivyo hivyo. Nairobi iko kusini ya Ikweta kwa digrii moja na kidogo tu; kwa hiyo jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na hupanda upesi kuelekea utosini. Mwanga mwororo wa asubuhi hudumu saa moja hivi, na wa jioni vivyo hivyo. Mgeni anayelala mpaka saa tatu, kisha akazunguka mpaka saa tisa, amechagua saa mbaya kuliko zote. Saa kumi na mbili na nusu za asubuhi barabara bado zina nafasi, mama wa chai amewasha jiko, moshi wapanda, na kuta za majumba ya upande wa mashariki zageuka rangi ya asali. Mwezi wa Oktoba na Novemba mijakaranda huchanua, na maua yake ya zambarau hutandikwa chini njia nzima. Nayo hupendeza zaidi asubuhi kabla hayajakanyagwa.

Mchana ukimkuta, asihangaike na majumba. Atafute kivuli cha kibaraza, mlango wa duka, au sehemu za ndani za Soko la Jiji, ambako mwanga huingia kwa upande na kuangukia matunda na maua. Uso wa mtu aliyesimama kivulini karibu na mlango, akielekea nje, hupata mwanga wa upole usio na mashimo meusi chini ya macho. Wapiga picha wa studio za zamani katika pwani na bara walilijua hilo, ndiyo maana walitumia madirisha na mapazia.

Na hapa kuna neno ambalo vitabu vingi vya ufundi huu hulipita. Filamu za rangi za miaka ya 1950 na baadaye zilipimwa viwandani kwa picha za wanawake weupe; rangi ya ngozi yao ndiyo iliyofanywa kipimo, na watu weusi walipopigwa picha pamoja na weupe, mara nyingi nyuso zao zilizama gizani. Kamera za siku hizi zimetengenezwa vizuri zaidi, lakini bado kosa moja hubaki: mtu mweusi akisimamishwa mbele ya ukuta mweupe au mbingu yenye kung'aa, kamera huona weupe mwingi, hupunguza mwanga, na uso huzama gizani. Dawa ni kugusa uso wake juu ya kioo cha simu, ili kamera ipime mwanga hapo, kisha kuongeza kidogo. Au, bora zaidi, kumhamisha asimame mbele ya mlango mweusi, mti, au ukuta wa rangi. Mtu asiambiwe kwamba yeye ni mweusi mno kwa picha. Picha ndiyo iliyopimwa vibaya.

Jambo lifuatalo ni kungoja. Wengi humfukuza kitu kinachopita: matatu yenye michoro yapita, nao huigeukia, hupiga, hupata kitako chake na moshi. Afadhali kufanya kama mtega mtego. Achague kwanza ukuta mzuri, au kona ambapo mwanga waanguka vema, au nguzo mbili zinazofanya kama mlango. Apange picha yake ikiwa tupu. Kisha angoje wenye kupita waingie wenyewe. Mfaransa Henri Cartier-Bresson, aliyeishi tangu 1908 mpaka 2004, alipata sifa kubwa kwa kazi ya namna hiyo, naye mara nyingi alitumia kamera ndogo na lenzi moja. Katika Nairobi yafaa zaidi, maana anayengoja huegemea ukuta na kuona pande zote, hali anayefukuza husimama ukingoni mwa barabara na simu mkononi, na mwenye pikipiki humnyang'anya. Na ambaye hakunyang'anywa leo asijisifu. Aifunge simu kwa ugwe mkononi.

Wasikilizaji, mpaka hapa imesemwa habari ya mawe, miti na mwanga. Mawe hayaudhiki. Watu ndio mji, na kwa watu kijana wa Namanga ana elimu ambayo watalii hawakuwa nayo, kwa kuwa alikua amesimama nyuma ya mama yake akiona jinsi alivyogeuza uso.

Basi akimwona mama auzaye mboga kando ya njia, na mwanga mzuri umeangukia nyanya zake na mikono yake, asiinue simu kutoka mbali. Na aende. Amwamkie kwa adabu, "Shikamoo, mama," au kama desturi ya mahali ilivyo. Anunue kitu kama ana haja nacho. Aseme yeye ni nani, ametoka wapi, na picha aitaka ya nini. Mama akikataa, amshukuru na kwenda zake; kukataa kwake ni haki wala si ukali. Akikubali, asimpange kama sanamu, bali amwache aendelee na kazi, kwani mikono yenye kazi hujua mahali pake. Apige chache, amwonyeshe, na kama ana simu ampelekee. Asisahau kuuliza jina lake. Mtu atasema kwamba kwa kuuliza picha hupoteza uhai wake. Yaweza kuwa kweli kwa dakika mbili za kwanza. Lakini watu huzoea, hurudi kazini mwao, na picha ya tano huwa na uhai kuliko ile iliyoibwa.

Tena liko jambo la sheria. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, humpa kila mtu haki ya faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 huihesabu picha ya mtu kuwa habari zake mwenyewe. Anayeweka picha kwa ajili ya nyumba yake tu sheria hiyo haimfuati. Lakini anayeitangaza kwa biashara yampasa awe na idhini. Mwezi wa Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila ya idhini ya wazazi wao, na mahali pamoja pa starehe Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kutangaza picha ya mteja ambaye hakuulizwa. Hayo si mambo ya mchezo. Kadhalika kambi za askari, vituo vya polisi, magereza, Ikulu, viwanja vya ndege na ofisi za mpakani hazipigwi picha bila ruhusa. Watu wa Namanga wanalijua hilo, kwani kituo chao cha pamoja kilichofunguliwa mwaka 2018 wanakipita kila siku.

Lakini vipi kuhusu mtu ambaye hawezi kuulizwa? Swali hilo halina jibu jepesi. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, alianzisha kampuni ya Camerapix mwaka 1963. Mwaka 1984 alikwenda Korem, Ethiopia, pamoja na mtangazaji Michael Buerk wa BBC, akapiga picha za sinema za watu waliokuwa wakifa kwa njaa. Watu wale hawakuwa na nguvu ya kukubali wala ya kukataa. Hata hivyo picha zile zilipoonyeshwa ulimwenguni, misaada ilikuja kwa wingi usiokuwa umeonekana. Mwaka 1991 alipoteza mkono mmoja katika mlipuko wa ghala ya silaha huko Addis Ababa, akatiwa mkono wa bandia, akarudi kazini. Akafa mwaka 1996 katika ndege iliyotekwa nyara na kuanguka baharini karibu na Komoro. Kwa mtu kama huyo, na kwa siku kama zile, swali halikuwa "amekubali?" bali "picha hii yamfaa nani?" Msafiri wa siku tatu na ajiulize swali hilo hilo akimwona mtoto wa mtaani amelala kibarazani na mwanga mzuri umemwangukia. Kama jibu ni kwamba picha yamfaa mpigaji mwenyewe tu, apate sifa kwa rafiki zake, na airudishe simu mfukoni.

Mfano mwingine ni Bustani ya Ukumbusho ya Agosti 7, mahali ambapo Ubalozi wa Marekani ulilipuliwa mwaka 1998 na watu zaidi ya 200 wakafa. Kuna ukuta ulioandikwa majina yao. Wageni wengine hujipiga picha mbele yake wakicheka, si kwa ubaya bali kwa kutofikiri. Ukuta ule hauhitaji mtu mbele yake. Picha ya safu moja ya majina, iliyopigwa kwa upande ili herufi zitoe vivuli vidogo, yatosha.

Kabla hajarudi, kama nauli yamruhusu, kijana aingie Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, apate ile picha ijulikanayo duniani: twiga, na nyuma yake majumba ya mji. Kwa kamera yenye lenzi ya mbali majumba huvutwa yakawa kama yamesimama mgongoni mwa twiga; kwa simu ya kawaida hubaki madogo kwenye upeo. Zote mbili ni kweli, ila ya kwanza yaweza kumdanganya asiyejua, akadhani twiga hunywa maji kwenye mifereji ya mjini. Wapo pia wanaojitahidi kuificha reli mpya inayopita juu ya nguzo ndani ya mbuga, iliyofunguliwa mwaka 2019. Afadhali iachwe ionekane. Nguzo zile zimo katika mbuga, basi na ziwemo katika picha.

Jioni ya siku ya tatu kijana ana picha 300. Kazi haijakwisha, kwani sasa ndipo uchaguzi mgumu huja. Afute zilizotikisika, zilizo giza, na zinazofanana. Katika kila mahali abakize moja. Zikibaki 20, azilaze usiku mmoja, kisha achague kumi na kuzichapisha karatasini. Simu huibwa, hutumbukia majini, huharibika. Karatasi hukaa sandukuni miaka 50. Na mzee asiyeona vizuri hawezi kuusoma mji mzima juu ya kioo kidogo kinachozimika kila baada ya dakika.

Basi afike Namanga na kumpa mama yake picha zile kumi. Asishangae mama akiupita upesi mnara wa KICC, na twiga, na hata Mzee Kenyatta, akasimama kwenye picha ya mama wa mboga, akaikaribisha machoni, akautazama mkono ulioshika kisu, akauliza, "Huyu ni nani, na watoto wake wangapi?" Kijana ataweza kumjibu, kwa sababu aliuliza.

Na huenda mama akaenda ndani na kurudi amevaa shanga zake nzuri, zile zisizouzwa, akataka naye apigwe. Kijana asifanye haraka. Ikiwa ni jioni, jua liko nyuma ya Ol Doinyo Orok na uso wa mlima umekwisha kuwa mweusi kama jina lake. Amwombe mama angoje mpaka asubuhi, wakati jua litokapo mashariki na kuupiga mlima na uso wake pamoja. Asubuhi hiyo amsimamishe mahali mama mwenyewe anapotaka, kisha ahamie yeye hatua mbili kushoto, ili nguzo ya umeme isiote juu ya kichwa chake.